Mpigania uhuru wa hundi na kalamu

Mwaka 1905 rupia 2,000 zilikuwa pesa za maana. Kwa bei ya siku zile, rupia 15 kwa pauni moja, unapata zaidi ya pauni 130, na kijana aliyetoka Bombay au Lahore angeweza kuanzia nazo masomo Uingereza bila babake kuweka shamba rehani. Aliyezitoa alikuwa Mhindi mwenzake, mtu wa makamo aliyekuwa akiishi kaskazini mwa London. Aliambatanisha sharti lililowachoma wengi: atakayepokea ufadhili huu, akirudi nyumbani asishike kazi, cheo wala malipo yoyote ya serikali ya Mwingereza.

Sijawahi kuona sharti la ufadhili wa masomo lililobeba siasa nzito kiasi kile kwa maneno machache kiasi kile. India ya wakati huo ilikuwa na watu karibu milioni 300. Maofisa wa juu wa utumishi wa serikali, karibu wote Waingereza, walikuwa takriban 1,000. Piga hesabu mwenyewe. Watu 1,000 hawawezi kuwashika watu milioni 300 kwa mabavu yao peke yao. Wanahitaji makarani, mahakimu wadogo, wakusanya kodi, polisi na askari, na hao wote walikuwa Wahindi. Shule ndiyo iliyowazalisha. Mzazi alikopa, mtoto akasoma, akarudi na koti na meza ofisini, na ukoo mzima ukashukuru. Mtoa pesa wetu alitaka kuikata ngazi hiyo pale inapoegemea ukuta.

Jina lake Shyamji Krishna Varma. Nje ya Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, ni wachache wanaomkumbuka. Tukitajiwa uhuru wa India tunamwona Gandhi na fimbo yake, Nehru na waridi kifuani, labda Subhas Chandra Bose na magwanda yake. Simwandiki kwa sababu alikuwa mtakatifu, maana hakuwa. Namwandika kwa sababu maisha yake yanaonyesha, kuliko ya mwingine yeyote ninayemjua, umbali unampa nini mpigania uhuru aliye ughaibuni, na unamnyang'anya nini. Na pia nani hulipa deni.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1857 huko Mandvi, bandari ya Kutch, mwaka uleule ambao askari wa Kihindi walimwasi Mwingereza na nusu ya kaskazini ya nchi ikawaka moto. Mandvi haipaswi kuwa jina geni kwa watu wa pwani yetu. Kotia zilizoshuka na kaskazi zikiwa na shehena ya nguo hadi Lamu, Mombasa na Unguja, zikarudi na kusi zikiwa na pembe na karafuu, nyingi zilitoka pande hizo. Forodha ya Zanzibar kwa miongo kadhaa ya karne ya 19 ilikodishwa na Sultani kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch. Hundi, bima, laki: maneno haya tunayoyatamka kila siku benki na sokoni yalivuka bahari na watu hao. Mvulana aliyezaliwa Mandvi miaka ile alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishia Forodhani kuliko Oxford.

Yeye aliishia Oxford. Babake alikuwa kibarua katika kazi za pamba. Mamake alifariki yeye akiwa mtoto, akalelewa na bibi. Kilichomwokoa ni kichwa chake, hasa kichwa cha lugha. Alisomeshwa Bombay, akakishika Kisanskriti kiasi cha kuwashangaza wazee, na mwaka 1875 akamwoa Bhanumati, binti wa tajiri mmoja wa Kibhatia ambaye mtoto wake wa kiume alikuwa rafiki yake wa shule. Akawa mfuasi wa Swami Dayananda Saraswati, mwanzilishi wa Arya Samaj, harakati ya kuurekebisha Uhindu, akazunguka akihutubia kwa Kisanskriti, na mapandit, wanazuoni wa Kihindu wa Kashi, wakampa cheo chao ingawa hakuwa Mbrahmini. Monier Williams, profesa wa Kisanskriti wa Oxford, alimsikia akamtaka awe msaidizi wake. Akafika Uingereza mwaka 1879, akaingia chuo cha Balliol, akapata shahada 1883, na mwaka uliofuata akawa wakili wa Inner Temple, mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mawakili wa London.

Kisha akarudi kwao, na hapa ndipo wasifu wa kumsifu huharakisha hatua. Kwa zaidi ya miaka kumi Shyamji alikuwa mtu wa mfumo. Alikuwa diwan wa Ratlam. Diwan, neno lilelile letu la diwani, isipokuwa kule ni waziri mkuu wa mtawala wa kienyeji, anayeketi na sahani ya dhahabu huku ofisa wa Kiingereza akimsimamia begani. Baadaye alikuwa mjumbe wa baraza la Udaipur, halafu diwan wa Junagadh. Huko Ajmer alifanya uwakili na kuweka fedha zake katika mashine za kukazia marobota ya pamba, fedha zikazaa. Junagadh ndiko kulikomharibikia. Alivutana na watu wa Mwingereza, akang'amua kwamba sahani ile ya dhahabu inaweza kuondolewa mezani kwa barua moja, akatoka na uchungu ambao hakuumaliza maisha yake yote.

Kwa hiyo alipokuja kuwaambia vijana wasiipande ngazi, alikuwa ameshaipanda hadi juu, akaona kilichoko huko, na akashuka na mfuko uliojaa. Wapo wanaouona huo kuwa unafiki. Mimi nauona kuwa ni ushahidi wa mtu aliyekula ndani. Ila tusisahau mfuko ule, maana ndio uliofanya yote yaliyofuata yawezekane. Mwaka 1897 tauni ilikuwa imeingia Bombay na Pune, ofisa Mwingereza aliyesimamia hatua kali dhidi ya tauni akapigwa risasi Pune, na Bal Gangadhar Tilak akafungwa kwa uchochezi kwa sababu ya maneno ya gazetini. Shyamji alifunga virago akahamia London. Alikuwa na miaka 40, mkewe, vitega uchumi, na hasira.

Kwa miaka kadhaa alikaa kimya akisoma. Mwanafalsafa aliyemteka alikuwa Mwingereza, Herbert Spencer, aliyefundisha kwamba kila mtu ana uhuru wa kufanya atakalo maadamu haingilii uhuru ulio sawa wa mwenzake. Spencer alipofariki Desemba 1903, Shyamji alisimama kwenye maziko na kutangaza kwamba anatoa pauni 1,000 kwa Chuo Kikuu cha Oxford ili kuwe na mihadhara ya kila mwaka kwa jina la marehemu. Oxford ilizipokea. Kwa hiyo ni pesa za mtu wa Mandvi zilizokuwa zikimwenzi mwanafalsafa wa Kiingereza mbele ya maprofesa wa Kiingereza. Naipenda hadithi hii kwa ujanja wake. Mtu aliyezoea hundi alijua kwamba ukitaka kuingia kwenye nyumba ya watu, njia nzuri ni kulipia sebule.

Januari 1905 alianzisha gazeti la kila mwezi, *The Indian Sociologist*, likiuzwa kwa peni moja. Juu ya ukurasa wa kwanza aliweka maneno ya Spencer mwenyewe, likiwemo lile la kwamba kuupinga uvamizi si haki tu, ni wajibu. Hakuna mwendesha mashtaka wa London ambaye angeweza kumshtaki Spencer. Mwezi uliofuata akaunda chama cha kudai utawala wa ndani wa India. Na tarehe 1 Julai mwaka huohuo akafungua nyumba.

Nyumba hiyo ilikuwa namba 65, Cromwell Avenue, Highgate, na aliiita India House. Aliyekata utepe, kwa namna ya kusema, ni Henry Hyndman, msoshalisti wa Kiingereza. Walikuwepo Dadabhai Naoroji, mzee wa Kiparsi aliyewahi kuwa mbunge wa Uingereza na aliyekuwa amewafundisha Wahindi kuhesabu utajiri unaonyonywa kutoka kwao kila mwaka. Lala Lajpat Rai kutoka Punjab. Na Bhikaiji Cama, ambaye miaka miwili baadaye angeinua bendera ya India huru kwenye mkutano wa wasoshalisti huko Stuttgart. Ilikuwa hosteli ya wanafunzi wapatao 25.

Hosteli! Ni neno dogo, lakini hapo ndipo penye akili ya jambo zima. Mwanafunzi wa Kihindi aliyefika London alikuwa na shida ambazo kila aliyewahi kusoma ugenini anazijua: wenye nyumba wasiotaka mpangaji wa rangi yake, chakula kisicho na ladha wala chumvi, baridi isiyokuwemo katika barua za waliomtangulia, na upweke. Serikali ilijua vilevile kwamba kijana mpweke ni rahisi kulelewa, na ilikuwa na watu wake wa kumlea. Shyamji akatoa kitanda, wali, maktaba na mkutano wa Jumapili. Mtu alikwenda kwa ajili ya chakula akasikia mjadala, akarudi wiki ya pili kwa ajili ya mjadala.

Aliyefika mwaka 1906 kwa msaada wake ni kijana wa Kimarathi aitwaye Vinayak Damodar Savarkar. Alipita Virendranath Chattopadhyaya, ambaye safari yake ya ughaibuni ingemfikisha Berlin na hatimaye Urusi ya Stalin, akapigwa risasi mwaka 1937. Na akavutwa Har Dayal, ambaye kwangu ndiye kielelezo bora cha lile sharti. Har Dayal alikuwa Oxford kwa ufadhili wa serikali yenyewe, mwanafunzi wa kiwango ambacho serikali ingejivunia kumwajiri. Mwaka 1907 aliutupa ufadhili huo na kuondoka. Miaka sita baadaye alikuwa San Francisco, mmoja wa waliounda Ghadar, chama cha wafanyakazi na wakulima wa Kipunjabi wa pwani ya Marekani, ambacho gazeti lake lilisafiri kokote Wapunjabi walikokuwa, Afrika Mashariki ikiwemo. Hundi ya rupia 2,000 haikumnunua Har Dayal. Alichokuwa amekishika ni wazo lililoandikwa mgongoni mwa hundi hiyo.

Wazo lenyewe, ukilitazama vizuri, lilikuwa limetangulia wakati. Shyamji aliandika tena na tena kwamba Wahindi wakiacha tu kumtumikia Mwingereza, wasiwe karani wake, askari wake, wakili wake, utawala ule utaanguka bila mtu kuinua kitu. Gandhi aliliendesha jambo hilo kwa mamilioni ya watu mwaka 1920. Sisemi kwamba Gandhi alimwiba. Nasema tu kwamba walikutana.

Ilikuwa Oktoba 1906. Gandhi alikuwa amekuja London kutoka Afrika Kusini na ujumbe wa watu wawili kupinga sheria ya kuwaandikisha Waasia wa Transvaal kwa alama za vidole. Alikwenda India House, akazungumza na Shyamji kwa saa nyingi, na akaandika kumhusu katika gazeti lake la *Indian Opinion*, akishangazwa na tajiri anayeishi kama maskini. Wote wawili walikuwa watu wa upande uleule wa Gujarat. Porbandar na Mandvi zinatazamana na bahari ileile. Wote mawakili waliosomea London. Wote walikuwa wakipigania India wakiwa nje ya India. Lakini nje yao haikuwa moja.

Gandhi alipoondoka kwao mwaka 1893 kwenda Afrika Kusini, meli yake ilitia nanga kwanza Lamu. Alishuka kuuangalia mji, akakutana na makarani wa Kihindi wa posta wakazungumza, na nusura aachwe na meli. Kisha Mombasa, kisha Unguja, ndipo kusini. Naitaja safari hii kwa sababu inaonyesha ughaibuni wake ulikuwa wa aina gani: kila bandari aliyoshuka ilikuwa na Wahindi wa kawaida, wenye duka, makarani, vibarua, na alipofika mwisho wa safari alikaa nao miaka 21. Alipopigwa, alipigwa pamoja nao. Aliposema "tufungwe", naye alifungwa. Ughaibuni wa Shyamji ulikuwa wa vitabu, hisa na wanafunzi werevu. Alikuwa mbali na India, na pia alikuwa mbali na Wahindi.

Tofauti hiyo ilikuwa na gharama, na gharama ilianza kudaiwa haraka.

Kufikia katikati ya mwaka 1907 wabunge walikuwa wameshauliza maswali kuhusu gazeti lake, makachero walikuwa wakizunguka Highgate, na magazeti ya London yalimchora kama nyoka. Shyamji aliondoka kimya akahamia Paris. Kwa mtazamo wa usalama alifanya sawasawa. Angekaa miezi michache zaidi angekamatwa. Gazeti liliendelea kuchapwa London huku mwenyewe akihariri kutoka Paris. Nyumba nayo iliendelea, lakini sasa chini ya Savarkar aliyekuwa na miaka 24, na mazungumzo ya Jumapili yakabadilika kutoka falsafa ya Spencer hadi namna ya kutengeneza mabomu.

Tarehe 1 Julai 1909, miaka minne kamili tangu nyumba ifunguliwe, Madan Lal Dhingra, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa akifika India House, alimpiga risasi Sir Curzon Wyllie kwenye hafla ya jioni huko South Kensington. Wyllie alikuwa ofisa wa wizara ya India aliyeshughulika na wanafunzi wa Kihindi, yaani mlezi niliyemtaja juu. Daktari wa Kiparsi, Cawas Lalcaca, aliyejaribu kuzuia, naye akauawa. Dhingra alinyongwa gereza la Pentonville tarehe 17 Agosti. Shyamji, kutoka Paris, aliandika hadharani kwamba hakuhusika, lakini analikubali tendo na anamhesabu Dhingra kuwa shahidi.

Sentensi hiyo nimeizungusha kichwani mara nyingi. Kuna ujasiri ndani yake. Wahindi wengi mashuhuri wa London walikuwa wakikimbilia mikutano ya kulaani. Lakini kuna kitu kinanikera pia. Mwenye miaka 51, mwenye hisa, aliye upande wa pili wa mlango wa bahari, anampa shahada ya ushahidi kijana aliye kwenye foleni ya kitanzi. Katika maisha yake marefu ya kupigania uhuru Shyamji hakulala jela hata usiku mmoja.

Tazama waliolala. Mpiga chapa wa *The Indian Sociologist*, Mwingereza wa kawaida aliyekuwa akichapa kazi kama kazi, alihukumiwa kifungo Julai ileile. Akajitokeza mwingine, Guy Aldred, kijana wa London wa miaka 22, mwanaharakati asiyeamini serikali yoyote duniani. Hakukubaliana na utaifa wa Shyamji, lakini aliamini gazeti halipaswi kunyamazishwa, akalichapa. Akapewa miezi 12 na kazi ngumu. Mwingereza aliyefungwa kwa ajili ya gazeti la Wahindi ambalo mwenyewe hakulikubali nusu yake! Ningekuwa mtu wa kusimamisha sanamu, ningeanza na huyo. Savarkar alikamatwa London Machi 1910 kwa kesi ya bastola zilizopelekwa India, akaruka kupitia dirisha la meli bandarini Marseille, akakamatwa tena ufukweni, na mwishowe akahukumiwa vifungo viwili vya maisha, jumla miaka 50, visiwani Andaman. India House ilikuwa imeshafungwa na kuuzwa.

Mtetezi wa Shyamji ana jibu zuri, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Tilak hakuhama. Mwaka 1908 alishtakiwa tena kwa makala za gazeti lake, akapewa miaka sita huko Mandalay, Burma, na kwa miaka hiyo sita sauti yake haikusikika. Gazeti la Shyamji lingechapwa Pune au Bombay lisingemaliza miezi mitatu. Mtu aliye jela hatoi ufadhili wa masomo. Vita vya ukombozi vya kila mahali vimehitaji mtu wa nje anayetunza fedha, anayeandika, anayejuana na magazeti na wabunge wa nchi ya mtawala. Jomo Kenyatta aliishi Uingereza takriban miaka 15, na hakuna anayesema miaka ile ilipotea. Kuwa mbali hakukuwa kosa la Shyamji.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba aliwasha moto kisha akawaachia wadogo kuutunza, bila kuwaambia kwa uwazi ni umbali gani yuko tayari kwenda nao. Mafundisho yake ya kuacha kumtumikia mtawala yalihitaji watu wengi na subira ndefu. Nyumba yake ilikuwa na vijana 25 wenye haraka. Kwa kuwa hakuwa na umma wa kuuelekeza, wazo lake kubwa lilikosa mahali pa kutua, na nafasi yake ikachukuliwa na bastola. Novemba ya mwaka uleule wa Dhingra, Gandhi akiwa melini akirudi Afrika Kusini aliandika *Hind Swaraj* kwa siku kumi hivi, kwa Kigujarati, akijibizana na watu wa mawazo ya India House aliokuwa ametoka kukutana nao London. Waweza kukisoma kitabu kile kama barua ambayo haikuandikwa jina la mpokeaji.

Vita ya 1914 ilimhamisha Shyamji tena. Ufaransa sasa ilikuwa rafiki wa Uingereza, naye akahamia Geneva kabla hajafukuzwa. Waswisi walimpokea kwa sharti la kutofanya siasa, na mtu yule aliyewawekea wengine masharti akalitii lake. Gazeti likanyamaza kwa miaka sita. Lilirudi Desemba 1920, na Septemba 1922 likafa. Kufikia hapo India ilikuwa imejaa watu barabarani wakiacha kazi, shule na mahakama za Mwingereza, kama alivyotaka tangu 1905, na hakuna aliyekuwa akisubiri gazeti kutoka Uswisi.

Nehru alimtembelea Geneva katika miaka hiyo ya 1920, akaeleza alichokiona katika tawasifu yake. Mzee na mkewe walikuwa peke yao juu ghorofani, bila mtumishi wa kudumu, vumbi limelala kila mahali. Pesa zilikuwepo, lakini mwenye pesa alitembea kwa miguu ili asilipe senti chache za tramu. Kila mgeni alimdhania kuwa jasusi wa Mwingereza au anayenyemelea mali yake. Mifukoni alikuwa na nakala kuukuu za *The Indian Sociologist*, azitoe akuonyeshe alichokuwa ameandika miaka 12 hivi nyuma. Alimwomba Nehru awe mmoja wa wadhamini wa mfuko wa kuwasomesha Wahindi nje. Nehru hakuonyesha hamu.

Wengi huisoma sehemu hiyo wakacheka au wakasikitika. Mimi humfikiria Bhanumati. Alitoka nyumba ya kitajiri Bombay, akamfuata mume Oxford, Ratlam, Udaipur, Junagadh, London, Paris, Geneva. Miaka 55 ya ndoa, bila mtoto, na katika maandishi yote yanayomsifu mumewe hupewa sentensi mbili. Ile sebule ya vumbi ilikuwa yake pia. Kama ufukara ule wa hiari ulikuwa msimamo wa kisiasa, hatujasikia kama naye aliulizwa.

Kuhusu hofu ya majasusi, mzee hakuwa amechanganyikiwa kama inavyoonekana. India House ilikuwa imejaa wapelelezi kweli. Mtu akifuatiliwa miaka ishirini, halafu akasahauliwa, hawezi kujua ni siku gani waliacha kumfuata.

Alifariki Geneva tarehe 30 Machi 1930, wiki ambayo Gandhi alikuwa njiani kwa miguu kwenda pwani ya Dandi kuchota chumvi ili kuivunja sheria ya chumvi ya Mwingereza. Bhanumati alimfuata mwaka 1933. Shyamji alikuwa ameshalipa, mkataba wa miaka 100, ili majivu yao yatunzwe kwenye makaburi ya St. Georges hadi India itakapokuwa huru, ndipo yapelekwe nyumbani. Hata kifo chake alikiandikia hundi. India ikawa huru mwaka 1947 na majivu yakabaki Geneva miaka 56 zaidi. Serikali moja baada ya nyingine haikuona haraka. Agosti 2003 Narendra Modi, wakati huo waziri kiongozi wa Gujarat, alikwenda mwenyewe kuyachukua, akayazungusha jimboni kwa msafara. Chama chake kilikuwa kikitafuta mashujaa wa Kigujarati wasiokuwa wa Congress, chama cha Nehru, na huyu alikuwa amewekwa akiba katika chupa mbili. Ni haki yao. Walioacha majivu kabatini nusu karne hawana la kulalamika. Mwaka 2015 Inner Temple, iliyokuwa imemfuta uwakili Aprili 1909 kwa barua zake za magazetini, ikamrudisha kwenye orodha, ikikiri kwamba hakusikilizwa kwa haki.

Karibu na Mandvi sasa ipo kumbukumbu yake, iliyozinduliwa mwaka 2010. Katikati yake wamejenga nakala ya India House, ya matofali mekundu na madirisha ya Kiingereza, imesimama kwenye jua na mchanga wa Kutch, maili kidogo kutoka mahali ambapo mafundi bado wanaunda vyombo vya mbao kando ya mto. Ile halisi ingali Highgate, namba ileile, nyumba ya watu kuishi kama nyingine za mtaa ule. Ukutani ina kibao cha buluu chenye jina la mtu wa kukumbukwa aliyekaa hapo. Jina ni la Savarkar, mpangaji.